Nilivyongoja Maneno ya Mwisho ya Ayeeyo

Ilianza Jumanne ya wiki ya kwanza ya likizo ya Aprili, saa kumi na moja kasoro dakika saba jioni. Nina hakika na saa kwa sababu nilikuwa nikiitazama. Tamthilia yetu huanza saa kumi na moja kamili, na rimoti ilikuwa imekufa.

Runinga yetu ni ya zamani, vitufe vyake vimezama ndani, kwa hiyo bila rimoti huwezi hata kuiwasha. Nilizitoa betri, nikaziuma kwa meno, nikazisugua kwenye dera langu, nikazirudisha. Wapi! Duka la betri liko karibu sana na mlango wetu hapa Garissa, lakini jioni wanaume hukaa mbele yake kwenye viti vya plastiki wakitafuna miraa, na ukipita lazima mmoja akuulize wewe ni binti wa nani. Msichana mwingine angejibu akapita. Mimi nina haya ambazo hooyo, yaani mama yangu, husema zingetosha wasichana watano na zikabaki. Basi nilisimama katikati ya sebule nikiona dakika zinakwenda, mpaka macho yangu yakaangukia redio ya ayeeyo.

Ayeeyo ni nyanya yangu, mama wa hooyo. Alikuwa ametoka kwao Eldas mwezi wa pili, kiangazi kilipokaza, aje atibiwe macho na angoje mvua. Saa hiyo alikuwa nyuma ya nyumba akimlisha mbuzi maganda, na redio yake ndogo ilikuwa juu ya mkeka. Nilifungua kifuniko, nikatoa betri zake mbili nzima, nikatia zangu mbili zilizokufa, nikafunga. Wimbo wa mwanzo ulipoanza nilikuwa nimeshaketi, magoti kifuani, kama mtu ambaye hajainuka tangu adhuhuri.

Habari za Kisomali za redio nazo huja saa hiyohiyo. Ayeeyo aliingia, akazungusha kidude, akaitikisa redio, akaigonga kiganjani.

"Betri zimekufa," alisema, bila kumlaumu mtu, akaja kuketi nyuma yangu.

Nilijiambia nitazirudisha kipindi kikiisha. Lakini kesho yake kulikuwa na kipindi kingine.

Nieleze kidogo kuhusu tamthilia hii, maana si sisi peke yetu tuliokuwa tukiitazama, ni mtaa mzima. Ni ya Kituruki, imetiwa sauti za Kisomali. Watu wake ni wazuri kupita kiasi, wanakaa nyumba yenye ngazi mbili, na hakuna hata mmoja anayekwenda kazini. Sauti ya baba mwenye nyumba, ya daktari na ya adui yao ni ya mwanamume mmoja, ila kwa adui huikwaruza kidogo. Mwanzoni nilikuwa nikicheka. Baadaye unasahau. Bwenini kwetu, niko kidato cha tatu, tuna wasichana wawili waliojifunza kulia kama yule bibi harusi wa tamthilia: kwanza midomo, halafu kidevu, machozi mwisho.

Mimi sikuwahi kujaribu kulia hivyo. Kitu nilichokipenda mimi ni kwamba mle ndani watu husema. Mtu ana jambo moyoni, anasimama mlangoni, muziki unaanza, wengine wote wananyamaza, anasema. Hakuna anayemkata kumwambia mbuzi ametoka. Nyumbani kwetu, nikishapata maneno ya kusema, mazungumzo yamekwishafika kwingine. Mtu mwenye haya akitazama tamthilia ni kama mwenye njaa akipita mbele ya hoteli.

Ayeeyo hakuipenda. Aliitazama kwa sababu redio ilikuwa imenyamaza.

"Hawa hawaswali?" aliuliza siku ya kwanza.

"Wanaswali, ayeeyo, hawaonyeshi tu."

"Na maziwa yao anakamua nani?"

"Wananunua," hooyo alimjibu.

"Ndiyo maana wana muda wa kuoneana wivu."

Wiki hiyo mama mkwe wa kwenye tamthilia alikuwa akifa. Alikufa kwa vipindi vitatu. Alifumbua macho, akaita kila mtu kwa zamu, akatoboa siri ya hati ya shamba, akamshika mkono mkaza mwana ambaye alikuwa amemtesa miaka yote, akasema, "Nisamehe, nami nimekusamehe." Halafu mkono ukateleza, ukaning'inia pembeni ya kitanda. Kamera ikauendea ule mkono taratibu. Hooyo alikuwa akilia waziwazi, mimi nikilia kwa kujificha.

Ayeeyo alitutazama wote wawili. "Nimekaa na watu wanaokufa," alisema. "Mama yangu, dada zangu wawili, babu yenu. Hakuna aliyepata pumzi ya maneno mengi hivyo. Mama yangu aliuliza kama mbuzi mweusi amerudi. Tulimwambia amerudi. Basi."

"Hakusema kingine?" nilimuuliza.

"Alitaka maji."

Nilimwonea huruma, nikafikiri mama yake hakuwa na bahati.

Na betri? Betri ziliendelea kuwa kwenye rimoti. Ayeeyo alimwomba hooyo amletee mpya, na hooyo, ambaye anauza nguo sokoni na hurudi nyumbani na mambo kumi kichwani, siku mbili alisahau, na siku ya tatu akaleta zile nene za tochi. Baba hakuwepo wa kutumwa. Anafundisha huko Lafey, huja nyumbani mara mbili kwa muhula, na likizo hii alikuwa amebaki na darasa la mtihani. Basi ayeeyo akatumia njia ya watu wa malishoni: kila adhuhuri alizianika betri juani, juu ya ukuta wa ua, kama nyama ya nyirinyiri. Jua la kwetu huamsha chochote. Jioni betri zilimpa dakika nne, tano za sauti, kisha zikazima. Sasa habari za redio huanza na mapigano na wakubwa, na taarifa za mvua, imenyesha wapi na wapi imekosa, husomwa mwishoni kabisa. Kwa hiyo ayeeyo alisikia vita vyote, mvua hakuisikia.

Hiyo mvua ndiyo aliyokuwa akiingoja. Abti, kaka yake hooyo, alikuwa na ngamia kwenye malisho ambako simu haishiki. Ayeeyo alikuwa amesema tangu alipofika: siku nitakayosikia Eldas imetajwa, siku ya pili mnipandishe basi.

Nilipita karibu na ule ukuta kila siku. Niliziona betri zimelala pale. Mara moja nilisimama kabisa, nikafungua mdomo, ayeeyo akageuka akaniambia, "Ayeeyo, sogea, unazitilia kivuli." Kwetu mkubwa humwita mdogo kwa jina lilelile analoitwa yeye, mimi ni ayeeyo wa ayeeyo. Nilisogea. Muziki haukuanza, na mimi sikusema.

Siku ya tisa au ya kumi mvua ikafika Garissa yenyewe, mvua ya jioni, nyembamba, yenye upepo. Ayeeyo aliona labda tatizo si betri, ni mawimbi, akaichukua redio akatoka nayo hadi kona ya ua, akaifunika kwa shali na kuiweka sikioni. Tulimwita aingie. Alitupungia mkono tunyamaze. Aliporudi alikuwa amelowa mpaka mifupa. "Walikuwa karibu kuitaja," alisema.

Jumamosi asubuhi hakuweza kuinuka kuswali. Kifua chake kilikuwa kikilia kama mlango.

Hospitali ndiko nilikofanya kosa la pili, lililo kubwa kuliko la kwanza.

Wodi ya wanawake ilikuwa imejaa. Muuguzi, mama wa bara mwenye viatu vyeupe vilivyochoka, aliuliza, "Nani hapa anaongea Kiswahili sawasawa?" Hooyo huongea Kiswahili cha soko, cha bei na rangi, na alikuwa ameshamuuliza mara tatu, "Sista, mama yangu iko namna gani?" Alinisukuma mbele. Nilikuwa naona miguu yangu tu.

Daktari alikuwa kijana, na yeye pia wa bara. Aliweka kipimo mgongoni mwa ayeeyo.

"Mwambie bibi avute pumzi."

Nikamwambia.

"Aiachie."

Nikamwambia.

"Mwambie pumzi ni yangu," ayeeyo alisema kwa Kisomali, katikati ya kikohozi. "Nitaiachia nikitaka."

"Anasemaje?" daktari aliuliza.

"Anasema sawa."

Daktari aliandika, akanitazama, akatazama faili, akashusha macho. Kisha akasema polepole, "Tungoje majibu ya damu na picha ya kifua. Halafu tutazungumza." Akaondoka.

Mtu yeyote aliyetazama tamthilia mbili anajua maana yake. Daktari akisema "atapona," atapona. Akisema "tutazungumza," na akashusha macho, basi koridoni mtu ataegemea ukuta na kuteleza hadi chini. Miaka yote ile nimefundishwa kusoma nyuso, kwa sababu mle kamera huurudia uso mmoja mara tatu ili hata mjinga aelewe. Sikuwahi kujiuliza kama uso wa mtu wa kweli umeandikwa kwa hati hiyohiyo.

Hooyo aliniuliza amesemaje. Ningeweza kutafsiri maneno yake tu: damu, picha, tungoje. Nilisema, "Hooyo, hakutaka kusema. Amesema tutazungumza. Alishusha macho."

"Alishusha macho?"

"Eeh."

Hooyo alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Yeye pia hutazama. Kabla ya magharibi alikuwa amempigia mwenye duka mmoja Eldas, ambaye alimtuma mtu wa pikipiki amtafute abti huko malishoni na ujumbe mfupi: mama yako, kama unataka kumwona, njoo.

Mimi nilibaki wodini kumhudumia ayeeyo, kwa kuwa hooyo ana wadogo zangu na soko. Siku tatu. Nilikuwa na daftari langu. Tangu kidato cha kwanza naandika shajara, kwa Kiswahili, kwa sababu nyumbani hakuna anayekisoma upesi. Nilifungua ukurasa mpya nikaandika juu: Maneno ya Ayeeyo. Nikakaa na kalamu.

Sasa niseme ukweli, kwani hapa ndipo palipo na aibu yangu. Sikutaka ayeeyo afe. Wallahi sikutaka. Nilitaka tu ile dakika kabla. Ile ambayo mtu hufumbua macho, akakuita, ukapiga magoti ukasema ulichofanya, naye akakusamehe. Nilikuwa na hakika, kwa hesabu zangu, kwamba mimi ndiye niliyemlaza pale: bila mimi angesikia habari za mvua, bila mimi asingelowa. Na nilikuwa sijawahi kuona kwenye tamthilia mtu anayekufa akikataa kusamehe. Wazima ndio hukataa. Mzima anaweza kukutazama akauliza, "Kwa nini?" na mimi jibu langu lilikuwa nini? Kwamba niliona haya kwenda dukani? Mgonjwa wa kufa haulizi kwa nini. Kwa hiyo nilingoja azidiwe kidogo. Nimeliandika hilo, na nimelisoma tena, na sijalifuta.

Nikaandika kila alichosema. Ukurasa ninao hapa:

Uji huu umepikwa na mtu asiye na mama.

Yule wa kitanda cha pili anakoroma kama ngamia dume.

Nipangusie miguu.

Umeswali?

Funga dirisha. Fungua.

Siku ya pili nilivunjika moyo. Nilimsogelea nikamuuliza, "Ayeeyo, hakuna jambo ungependa kusema?" Akauliza, "Jambo gani?" "Lolote." Akageukia ukutani.

Jumanne, saa ya kutazama wagonjwa, hooyo alikuja, na nyuma yake abti. Alikuwa ametembea hadi Eldas, akapanda lori hadi Wajir, akapanda basi, na vumbi la safari yote lilikuwa kwenye nyusi zake. Ayeeyo alikuwa amelala. Abti alisimama mlangoni mwa wodi, hakuthubutu kukaribia, macho yamejaa. Hooyo alimshika mkono. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu kila mtu alikuwa amesimama mahali pake na wote wako kimya.

Ndipo mkono wa ayeeyo ukateleza, ukaning'inia pembeni ya kitanda.

Mimi, ambaye darasani mwalimu huniambia nirudie mara tatu ndipo anisikie, nilipiga ukelele uliofika hadi getini. "Laa ilaaha illallah!" Mgonjwa wa kitanda cha pili aliinuka akaanza kusoma inna lillahi. Hooyo akaangua kilio. Abti aliketi sakafuni palepale, kama mzigo ulioachiwa. Muuguzi alikuja mbio, kiatu kimoja kimemvuka.

Ayeeyo alifumbua jicho moja.

"Nani amekufa?"

Alifumbua la pili, akazunguka nalo wodi nzima, likafika sakafuni.

"Na wewe," alimwambia abti, "ngamia umewaachia nani?"

"Jirani," abti alimjibu mama yake, bado ameketi chini. "Hooyo, nimeambiwa... nimeambiwa hujiwezi kidogo."

"Umeambiwa nakufa. Na nani?"

Abti alimtazama hooyo. Hooyo alinitazama mimi. Nilitamani sakafu ifunguke, lakini ilikuwa ya saruji.

Muuguzi alikuwa akimpima ayeeyo mapigo huku akitikisa kichwa. "Nyinyi watu mtaniua mimi kwanza," alisema kwa Kiswahili. "Huyu bibi kesho anaenda nyumbani. Kifua kimesafika tangu jana. Nani amesema anakufa?"

Sauti yangu ilikuwa imerudi kuwa ndogo. "Daktari alisema tutazungumza. Na akashusha macho."

"Daktari alikuwa na usingizi, mama! Alikuwa kazini tangu siku iliyotangulia. Alitaka kuzungumza nanyi juu ya ule ubani mnaofukiza ndani ya nyumba. Nguo za bibi zinanukia, na kifua chake hakitaki moshi." Kisha akacheka, akafunika mdomo, akanigonga begani kwa faili. "Wewe utakuwa mwigizaji."

Nilitafsiri yote hayo kwa Kisomali, kila neno, bila kuongeza. Yule wa kitanda cha pili alicheka mpaka akaomba maji. Ayeeyo hakucheka. Alikuwa akitazama daftari lililokuwa limeanguka chini, wazi, na kalamu kando yake. Hajui kusoma, lakini si mjinga.

Kesho yake, Jumatano, tulimrudisha nyumbani. Baada ya alasiri hooyo alikwenda sokoni, abti akaenda kutafuta watu wa kwao wa kuzungumza nao bei ya ngamia. Tulibaki wawili. Ayeeyo alikuwa amelala kwenye mkeka na mimi nampepea. Hakukuwa na muziki. Kulikuwa na pikipiki ya jirani inayokataa kuwaka.

"Ayeeyo," nilisema, "nisamehe."

"Kwani nani kati yetu anakufa?"

"Hakuna."

"Basi usilie. Sema."

Nikasema. Nilianza na rimoti, nikaenda na wanaume wa dukani, nikafika kwenye betri, na kona ya ua, na shali. Yalitoka vibaya, yamechanganyika, na katikati ile pikipiki iliwaka, nikalazimika kurudia sehemu.

"Najua," alisema. "Betri zangu nilizinunua Wajir, zilikuwa za kijani. Siku ya pili nilifungua redio nikakuta nyekundu."

Nilishindwa hata kupepea. "Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja wewe. Unapita ukutani, unazitazama, unafungua mdomo, unaufunga. Nikasema, leo atasema. Leo."

"Na mvua iliyokulowesha? Ugonjwa?"

"Ugonjwa umetoka kwa Mungu. Usijipe cheo." Alikohoa, akatema kwenye kitambaa, akakikunja vizuri. "Hilo la betri nilikusamehe kabla sijaumwa. Lakini lile la hospitali bado."

"La kumwita abti?"

"Abti yako amekula nyama ya mjini, atasahau. Nasema la kalamu." Hakuinua sauti. "Siku tatu umekaa kando yangu unanitazama kama watu wanavyomtazama mbuzi wa Idd. Anapewa majani mazuri, anaangaliwa. Usiku wa pili nilikuwa na kiu. Wewe ulikuwa macho, naona unaniangalia mdomo. Sikukuomba maji. Nilijua nikifungua mdomo utaandika."

Nakumbuka nilitaka kusema kwamba nilikuwa nimeweka maji karibu, kwenye kikombe chenye mfuniko. Yalikuwepo kweli. Sikusema.

"Nisamehe hilo pia," nilisema.

"Bado, nimekwambia. Halijaisha. Au niseme limeisha na halijaisha?"

"Hapana."

"Haya. Pepea."

Nikaendelea kupepea. Sitadanganya: saa kumi na moja ilipofika nilitazama tamthilia. Mkaza mwana alikuwa amevaa nguo nyeusi, akitembea peke yake ufukweni, amesamehewa, mwepesi kama karatasi. Siichukii. Wale watu hawajaniambia niishi kama wao. Mimi ndiye niliyewakopa mambo yao nikayavaa hospitalini. Lakini nilitambua kitu nilipokuwa nikiwatazama. Nilikuwa nimeamini, bila kujua kama naamini, kwamba kila mtu atawekewa dakika yake. Kwamba jambo likiwa zito vya kutosha, dunia itanyamaza yenyewe ili ulitaje. Hilo ndilo lililonifanya nizipite zile betri siku kumi: sikuwa nimekataa kusema, nilikuwa nangoja mahali pa kusemea. Na kama ayeeyo angekufa kweli, angekufa akiwa na kiu, kando yake kuna mjukuu mwenye kalamu.

Asubuhi iliyofuata, Alhamisi, nilimwendea kabla ya chai. Alikuwa amemaliza kuswali akiwa ameketi. Hooyo alikuwa jikoni akimgombeza mdogo wangu kwa sababu ya sare ya madrasa, abti akipiga mswaki uani kwa kelele nyingi. Nilipiga goti nikasema tena, maneno yaleyale ya jana, kwa sauti yangu ya kawaida, ambayo ni ndogo.

Ayeeyo alikuwa anapapasa chini ya kitanda kutafuta ndara yake ya pili. "Nimekusamehe," alisema akiwa ameinama. "Iko wapi hii? Abti yako anasema kwetu imenyesha. Vaa hijabu yako uende steji, ukaulize basi la Wajir la Jumapili linaondoka saa ngapi."

Neno lile alilisema hivyo, yote kwa pumzi moja, na kama ningekuwa nimegeuka kumsikiliza hooyo lingenipita. Niliivuta ndara kutoka nyuma ya mguu wa kitanda, nikamvisha. Kisha nikavaa hijabu nikaenda.

Pale ofisi ya basi kulikuwa na wanaume saba au wanane. Karani aliniuliza mara mbili nimesema nini. Mara ya tatu nilimwambia kwa nguvu: basi la Wajir, Jumapili, saa ngapi, ni la ayeeyo wangu na abti. Akasema saa kumi na mbili asubuhi, na abiria wafike mapema.